NYUMBA YA SITINI NA NNE

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya alasiri, yakaandikwa kwa ajili ya toleo hili la Ramadhan)



Ndugu zangu vijana, dada zangu, wazazi wetu, na wewe msomaji uliyelishika gazeti hili ukingoja adhana ya magharibi. Siku niliyosimama kuzungumza, nilikuja na ubao mdogo na chaki. Kuna mzee mmoja aliniangalia akauliza, "Mwanangu, Ramadhan na hesabu wapi na wapi?" Nilimwomba anivumilie mpaka mwisho. Nawe nakuomba hivyo hivyo. Nitakuzungumzia namba moja tu. Ni namba kubwa, ina utamu wake, na mimi ina deni langu ndani yake. Hilo deni nitalisema mwisho, kwa sababu lilinichukua muda kupata ujasiri wa kulisema.

SHILINGI MOJA YA SIKU YA KWANZA

Hebu jibu swali hili haraka, bila kalamu. Tajiri amekuja mtaani kwenu usiku wa kuandama mwezi. Akwambia: chagua. Ama nikupe shilingi milioni moja sasa hivi, taslimu. Ama nikupe shilingi moja siku ya kwanza ya Ramadhan, mbili siku ya pili, nne siku ya tatu, nane siku ya nne, na kila siku nikupe mara mbili ya jana mpaka mwezi uishe.

Pale niliposimama mikono mingi iliinuka kwa milioni moja. Kijana mmoja akasema, "Shilingi moja moja zitaninunulia nini, kiberiti?" Tukacheka. Kisha tukahesabu.

Kumi la kwanza likiisha, umepokea jumla ya shilingi 1,023. Kweli, si kitu cha kumtangazia jirani. Kumi la pili likiisha, jumla yako ni shilingi 1,048,575. Milioni imeshapitwa, na bado hujaingia kumi la mwisho. Kumi la mwisho likiisha, siku ya 30, jumla ni shilingi 1,073,741,823. Bilioni moja na zaidi! Kijana wa kiberiti alinyamaza kimya.

Je, mwezi ukiandama 29? Hapo ndipo penye ajabu. Siku ya 30 peke yake ilikuwa na shilingi 536,870,912. Siku zote 29 zilizotangulia, ukizijumlisha, ni shilingi 536,870,911. Yaani siku moja ya mwisho inazishinda siku zote zilizopita kwa shilingi moja. Wale wanaobishana kila mwaka juu ya mwezi wangepata sababu mpya ya kubishana.

Hiyo shilingi moja iweke akilini, msomaji. Nitairudia.

MFALME, MWENYE HEKIMA NA PUNJE ZA NGANO

Swali la kuzidisha mara mbili si langu, na wala si la jana. Mwanahesabu al-Uqlidisi, aliyeandika kitabu chake cha hesabu za Kihindi mjini Damascus mwaka 952, alisema kwamba watu wengi huuliza swali hili. Wako wanaouliza juu ya kuzidisha moja mara 30, na wako wanaouliza mara 64. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa hiyo, tayari lilikuwa swali la barazani.

Kwa nini 64? Kwa sababu ya ubao wa sataranji, ambao una safu nane za nyumba nane nane. Hukumu ya kuicheza sataranji wameizungumza wenye elimu na si kazi yangu hapa. Mimi leo nautaka ule ubao tu. Na kama hujawahi kuuona, chukua bao letu la Kiswahili: kete zake ni 64, basi namba hiyo si ngeni pwani.

Kisa chenyewe amekihadithia Ibn Khallikan, kadhi wa Damascus, aliyezaliwa Irbil mwaka 1211 na kufariki mwaka 1282, katika kile kitabu chake mashuhuri cha maisha ya watu wakubwa. Anasimulia kwamba mwenye hekima mmoja wa Bara Hindi, Sissa bin Dahir, alibuni mchezo wa sataranji kwa ajili ya mfalme Shihram. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe alitakalo. Sissa akaomba punje moja ya ngano nyumba ya kwanza, mbili nyumba ya pili, nne ya tatu, na kuendelea kuzidisha mpaka nyumba ya 64. Mfalme aliona ombi lile dogo mno, karibu akasirike. Makarani walipopiga hesabu wakamrudia na habari kwamba ngano hiyo haipo.

Hiki ni kisa, ndugu zangu, msikichukue kama historia iliyothibitishwa. Lakini kinachonipendeza ni kwamba Ibn Khallikan mwenyewe hakukubali kirahisi. Anasema alikuwa na shaka, mpaka alipokutana na mtaalamu mmoja wa hesabu wa Alexandria aliyemwonyesha njia. Yule mtu alizidisha mpaka nyumba ya 16, akapata punje 32,768. Akasema, tuzichukulie hizi kuwa ni kipimo kimoja cha nafaka. Kisha akaendelea kuzidisha vipimo badala ya punje. Nyumba ya 40 ikawa ghala zima. Nyumba ya 50 ikawa ni mji wenye maghala 1,024. Na nyumba ya 64 peke yake ikawa ni miji 16,384, kila mmoja na maghala yake 1,024. Hapo Ibn Khallikan akakubali. Alikuwa kadhi, mtu mzima mwenye jina lake, na hakuona haya kuonyeshwa hesabu.

KIBABA, KISAGA, PISHI

Niliposoma habari za yule mtu wa Alexandria, nilijiuliza: je, kwa vipimo vyetu ingekuwaje? Bibi zetu hawakuhitaji mizani. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili ni pishi. Umeona? Vipimo vya pwani vyenyewe vinazidisha mara mbili! Na pishi si neno geni mwezi huu, kwa maana ndiyo tunayoitaja tunapotoa zaka ya fitri.

Punje za ngano hutofautiana, lakini tuseme punje elfu moja zina uzito wa gramu 40. Basi kilo moja ni punje 25,000. Sasa tembea ubaoni.

Nyumba ya 15 ina punje 16,384, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo. Hicho ni kama kibaba. Nyumba ya 16 ina punje 32,768, ni kilo moja na robo hivi. Hicho ni kama kisaga. Nyumba ya 17 ina punje 65,536, kilo mbili na nusu na kidogo. Hiyo ni kama pishi, fitri ya mtu mmoja. Robo ya ubao imeshapita na mfalme bado hajatoa hata gunia. Si ajabu alicheka.

Lakini endelea. Nyumba ya 22 inakaribia gunia la kilo 90. Nyumba ya 33, ya kwanza katika nusu ya pili ya ubao, ina punje 4,294,967,296, ambazo ni tani 170 na zaidi. Mfalme bado anaweza kulipa, ingawa kicheko kimekwisha. Ubao mzima ukijaa, uzito ni kama tani bilioni 738. Siku hizi dunia nzima, yaani Urusi, China, India, Marekani, Narok yetu na kwingineko, huvuna ngano kama tani milioni 800 kwa mwaka. Kwa mavuno hayo, mfalme angehitaji zaidi ya miaka 900, bila mtu yeyote duniani kula hata chapati moja.

NAMBA YENYEWE NA NJIA YA MKATO

Basi hii hapa namba yetu. Jumla ya punje zote katika nyumba 64 ni:

18,446,744,073,709,551,615

Tarakimu 20. Kwa lugha ya kawaida, chukua milioni, uizidishe kwa milioni, kisha uzidishe tena kwa milioni, halafu hiyo uihesabu mara kumi na nane na zaidi.

Utauliza, nani aliyekaa akazijumlisha nyumba zote hizo moja moja? Hakuna haja. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika njia ya mkato katika kitabu chake cha tarehe za mataifa, mnamo mwaka 1000. Hesabu umri wake mwenyewe: alikuwa na miaka 27 hivi. Wenzetu wa rika hilo sasa hivi wako wapi? Tuwaachie Mungu.

Njia yake ina kanuni mbili. Ya kwanza: ukichukua namba iliyo katika nyumba yoyote ukaizidisha kwa yenyewe, unaruka mbele kwa hatua zile zile ulizotembea kutoka nyumba ya kwanza. Nyumba ya 5 ina 16, na umetembea hatua nne kuifikia. 16 mara 16 ni 256. Ongeza hatua nne, uko nyumba ya 9, na kweli nyumba ya 9 ina 256. Sasa endelea: 256 mara 256 ni 65,536, nyumba ya 17. Zidisha hiyo kwa yenyewe, unapata 4,294,967,296, nyumba ya 33. Zidisha hiyo kwa yenyewe, unapata 18,446,744,073,709,551,616, ambayo ingekuwa nyumba ya 65 kama ubao ungekuwa nayo. Badala ya kuzidisha mara sitini na kitu, umezidisha mara nne tu.

Kanuni ya pili: ukitoa moja katika namba ya nyumba yoyote, unapata jumla ya nyumba zote zilizoitangulia. Nyumba ya 5 ina 16. Zilizoitangulia ni 1, 2, 4 na 8, jumla 15. Basi toa moja kwenye ile ya nyumba ya 65, na jumla ya ubao wote iko mkononi mwako. Ndiyo ile ile shilingi moja tuliyoiona kwenye siku ya 30. Al-Biruni hakutosheka na namba tupu, akaigawa katika mafungu juu ya mafungu ili watu wauone ukubwa wake, mpaka akafika kwenye milima 2,305.

YALIYOMO NDANI YAKE

Sasa tuifungue namba hii tuone ndani mna nini. Chukua kalamu, tufanye pamoja.

Inaishia na 5, basi inagawanyika kwa 5. Hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Jumlisha tarakimu zake zote ishirini: utapata 87. Na 87 inagawanyika kwa 3, basi namba nzima inagawanyika kwa 3. Ukiendelea kuichambua mpaka mwisho, utakuta imejengwa kwa namba tasa saba tu. Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa nyingine ila moja na yenyewe. Nazo ni hizi:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Ziangalie vizuri, kwa maana zina historia. Mfaransa Pierre de Fermat, mwaka 1640, alitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja inapatikana kwa kuongeza moja juu ya zile namba tulizorukia kwa njia ya al-Biruni: 2, 4, 16, 256, 65,536. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba ukiendelea hivyo milele utapata tasa tu. Inayofuata ni 4,294,967,297, ile ya nyumba ya 33 ukiongeza moja. Ilikaa karibu miaka mia moja. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba hiyo si tasa: ni 641 mara 6,700,417. Mtu mkubwa alikuwa amekosea, na kosa lake likagunduliwa kwa kugawanya tu, kwa subira. Mpaka leo, katika namba za aina hiyo, zinazojulikana kuwa tasa ni zile tano tu. Na ukizizidisha zote sita pamoja, pamoja na ile iliyomwangusha Fermat, unapata jumla ya ubao wetu wa ngano bila kupungua hata punje.

Na ile 17 ina habari yake. Mwaka 1796 kijana wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha kwamba unaweza kuigawanya duara sehemu 17 zilizo sawa kwa kutumia rula na bikari peke yake. Wataalamu walikuwa wamelitafuta jambo kama hilo kwa miaka elfu mbili. Gauss alikuwa na umri wa miaka 18. Wewe wa kidato cha nne unayesema hesabu ni za watu fulani, umesikia?

Ajabu nyingine. Ukiihesabu namba hii kwa sauti, namba moja kila sekunde, yaani moja, mbili, tatu, bila kulala wala kula daku, itakuchukua miaka bilioni 584. Wataalamu wa nyota wanaukadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8. Ungehitaji umri wa ulimwengu zaidi ya mara arubaini. Mfaransa Édouard Lucas alitoa fumbo lake mwaka 1883 juu ya visahani 64 vinavyohamishwa kimoja kimoja kutoka mti mmoja hadi mwingine, na hatua zinazohitajika ni namba hii hii.

Na iko mfukoni mwako. Simu na kompyuta nyingi za siku hizi hufanya kazi kwa nafasi 64, kila nafasi ni ama 0 ama 1. Ni kama ubao wa nyumba 64, kila nyumba ama ina ngano yake yote ama iko tupu. Nyumba zote zikijaa, namba kubwa kabisa inayoingia ni 18,446,744,073,709,551,615. Zile za zamani zilikuwa na nusu ya ubao, nafasi 32. Ndiyo maana anwani za intaneti za mfumo wa zamani zilikuwa 4,294,967,296 tu, na zikawa hazitoshi dunia. Na hilo neno sifuri tunalolitumia kila siku ni la Kiarabu, lilisafiri mpaka Ulaya pamoja na hesabu zenyewe.

NYUMBA YA MWISHO NI YA NANI?

Sasa nifike kwenye deni langu.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mwenzangu mmoja alinionyesha mpango katika simu. Unaweka shilingi 2,000. Unaleta watu wawili, kila mmoja anaweka 2,000. Wale wawili wanaleta wanne, wale wanne wanaleta wanane. Wale wanane wakishaweka, wewe unapata shilingi 10,000. Rahisi kama kumeza tende. Aliniambia, "Si kamari hii, wewe unaleta watu tu." Akanionyesha kwamba yeye ameshalipwa. Na kweli alikuwa amelipwa.

Nilitoa 2,000 katika pesa za matumizi alizonitumia mama. Kisha nikamleta rafiki yangu tuliyekaa naye mkeka mmoja madrasa, tukisoma juzuu pamoja. Na nikamleta binamu yangu. Hawakuuliza maswali. Waliniamini kwa sababu mimi ndiye ninayesoma hesabu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimejifunza kujumlisha mfululizo kama huu darasani muhula ule ule, nikaufanyia mtihani na kupita, na sikuitumia.

Wao wakaleta wanne. Wale wanne wakaleta watano. Nilikuwa nasubiri watatu tu nilipwe. Asubuhi moja tukafungua simu, mpango haupo. Namba za kupiga hazipatikani.

Usiku huo ndipo nilipochukua karatasi nikafanya kile ambacho ningekifanya mwanzo. Hebu fanya nami. Tuseme mpango umefika safu kumi kisha ukasimama. Safu ya kwanza mtu 1, ya pili 2, ya tatu 4, mpaka ya kumi yenye watu 512. Wote pamoja ni 1,023. Nani amelipwa? Ni yule tu aliye na safu tatu kamili chini yake, yaani safu saba za juu. Hao ni 127. Waliobaki, watu 896, wamepoteza. Pesa zilizoingia ni 2,046,000. Zilizolipwa ni 1,270,000. Shilingi 776,000 zimebaki kwa mwenye mpango, ambaye hakuuza hata kitumbua.

Ukisema labda tuliwahi kusimama mapema, ungeendelea ungekuwa sawa, jaribu safu 20, jaribu 25. Kila mara ni karibu watu 7 katika kila 8 wanaopoteza. Haibadiliki. Kwa nini? Kwa ile kanuni ya pili ya al-Biruni. Safu ya mwisho peke yake ina watu wengi kuliko safu zote za juu yake, kwa mtu mmoja zaidi. Wakati wowote utakaousimamisha mpango kama huu, zaidi ya nusu ya watu wako chini kabisa, na hawana mtu chini yao. Na kuendelea hauwezi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya nzima. Safu ya 26 ikijaa, mpango unataka watu 67,108,863, pamoja na watoto wachanga na wazee wetu. Mfalme wa Bara Hindi aliishiwa ngano. Mpango huishiwa watu.

Msidhani ni jambo jipya. Miaka ya 2006 na 2007 maelfu ya Wakenya walipoteza akiba zao katika mipango ya namna hii. Wakati ule ilikuwa na ofisi na risiti. Leo iko kwenye simu, kesho itakuja na jina jingine. Hesabu yake ni moja.

Binamu yangu alinisamehe, akasema tumeliwa sote. Sikukubali. Mimi ndiye niliyembisha hodi. Ramadhan iliyofuata nilikuwa nakaa nje ya nyumba yetu kila jioni na karai, nauza kaimati na viazi vya rojo. Mama alikanda unga, hakuniuliza nafanyia nini, nadhani alijua. Kabla ya Idd nikampa binamu 2,000 yake. Rafiki yangu wa madrasa nilimfuata nyumbani kwao. Alikuwa hajaniongelesha miezi kadhaa. Alizipokea, akazihesabu, akaniuliza, "Na wale wangu wawili?"

Sikuwa na jibu. Chini yangu walikuwa watu 11. Nimewalipa wawili. Kati ya wale tisa, wanne nimewapata kwa jina, na Ramadhan hii karai iko nje tena. Watano wengine siwajui, na waliowaleta hawataki kusema. Kuzidisha mara mbili ni kazi ya siku moja. Kurudisha ni mmoja mmoja.

Ndiyo sababu nilimwomba yule mzee anivumilie. Sikuja kuwafundisha hesabu kwa ajili ya mtihani. Nimekuja kuwaomba, mtu akikujia na jambo linaloongezeka maradufu, hata kama ni ndugu yako, hata kama ni msomi, hata kama amelipwa na unaziona pesa mkononi mwake, muulize swali moja: mimi niko nyumba ya ngapi, na baada yangu watatoka wapi? Akishindwa kukujibu, chora safu zako kwenye karatasi, uhesabu mwenyewe. Dakika tano zinatosha.

Na wazazi, mtoto akikuletea mpango, usimfokee kabla ya kukaa naye kupiga hesabu. Mimi nilificha kwa sababu niliogopa kufokewa.

Kwa wadogo zangu mliokaa na kalamu, nawaachieni kazi. Namba ya nyumba ya 64 yenyewe ni ngapi, ukitumia kanuni za al-Biruni bila kompyuta? Dokezo: ni nusu ya ile ya nyumba ya 65. Atakayeipata amwonyeshe maalim wake kabla ya kumi la mwisho.

Nami nikikosea popote, nikosoeni. Hata Fermat alikosolewa. Ramadhan Karim, na swaumu njema.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.